Pango la Nyama Juu ya Sokon

Arusha, kando ya mto Ngarenaro.
Mfungo Saba, masika ndiyo kwanza yanaanza.

Kwa dada yangu mkubwa, wa tumbo moja na ziwa moja, Mwanamkuu binti Mbwana, huko Pangani.

Dada, naishika miguu yako yote miwili, na kama kidonda cha ule wa kushoto hakijapona, basi huo naushika kwa ncha za vidole. U hali gani? Mgongo unakusikia siku hizi? Na ule mnazi wa uani uliokuwa ukimwinamia jirani, umeshamwangukia au bado wanasalimiana tu? Mimi sijambo, alhamdulillahi, ila magoti yanalia kama milango ya boma, na meno yamebaki mawili, moja juu kulia na moja chini kushoto, hayajawahi kuonana.

Sasa, kabla hujamshika mkono huyo anayekusomea na kumwambia aharakishe, nakuambia la kwanza kabisa: mwanao Sefu yu hai. Anakula, anatembea, na juzi amenitukana kwa sauti nzima isiyokatwa na kikohozi, nami nikafurahi kama mtu aliyesomewa dua. Yale uliyoyasikia kwa watu walioshuka na garimoshi kutoka Moshi, kwamba vijana wa Arusha wanakufa kwa vifua, ni kweli. Kwamba Sefu alikuwa mmoja wa waliolala, ni kweli pia. Hakufa. Najua bado una swali, nalo ni lini anarudi nyumbani. Nitalijibu, walahi. Ila nikilijibu sasa hivi hutasikia neno lingine, na bila hayo maneno mengine jibu lenyewe litakuwa chungu bure.

Na wewe karani unayemsomea dada yangu, nakuomba usiruke mistari. Barua iliyopita uliruka, maana nilituma salamu za matusi kwa wazee wenzangu wa mtaani na hakuna hata mmoja aliyenijibu. Mwandiko wangu ni mbaya, nakubali. Nilianza chuoni kwa maalim nikakimbia fimbo, nikaja kumalizia uzeeni huku milimani kwa wamisheni, nimeketi benchi moja na watoto wanaotokwa na kamasi, mpaka Mzungu wa dini akanitoa kwa sababu nilikuwa nawachekesha. Nusu ya huko na nusu ya huku. Ukizipanga pamoja bado hazifiki moja, lakini kwa barua zinatosha.

Basi tuanze. Kipupwe kilichopita ulimtuma Sefu aje kunichukua, kama anayetumwa kumfuata mbuzi aliyekata kamba. Alifika kwangu jioni, kanzu imejaa vumbi jekundu, mrefu, na shingo ile ile ya baba yetu, hata nikasahau kuwa mimi ndiye mzee nikataka kumwamkia. Akasema mama amechoka kutuma salamu, sasa ametuma mikono. Akasema reli imefika Moshi, kisingizio cha miguu kimekwisha. Nikamwambia nitafunga mizigo mahindi yakishavunwa. Yakavunwa. Nikasema jino linauma, nani husafiri na jino. Likang'oka. Nikasema ngoja kwanza nizoee kula bila hilo jino. Sefu akacheka akaniambia kuwa huko kwenu nasimuliwa kama shujaa aliyepanda bara na misafara, kumbe ni mzee anayemwogopa dada yake.

Hapo alisema kweli. Mtu akikaa mbali miaka yote hii, Dada, hamu inakuwa kama mzigo uliozoea bega. Ukiutua hujui mikono uiweke wapi. Mimi huota nakula bokoboko kwako, na ndani ya ndoto hiyo hiyo unanigombeza kwa kumwaga, nikiamka nacheka peke yangu. Huku nina watu, sikatai. Lakini sina wa kugombana naye anayekumbuka jinsi mama yetu alivyokuwa akitutukana. Nilitaka kuja. Niliogopa kufika nikakuta umezeeka, maana kichwani mwangu bado unaruka ua.

Mimi, kama ujuavyo, ni mpishi. Nawapikia wafanyakazi wa shamba la kahawa la Mdachi mmoja tunayemwita Bwana Pua. Jina lake la kwao halitamkiki, lakini pua yake kila mtu anaielewa. Sefu alipokuwa akingoja nimalize visingizio vyangu, ilibidi naye aandikwe kazi, kwa sababu hapa mwanamume asiye na kadi ya kazi askari humwokota kama kuni, akapelekwa kuvunja mawe ya barabara. Nikaona bora awe karibu na sufuria zangu. Akapewa kadi, akapelekwa pangoni.

Sasa nikueleze hilo pango. Juu ya kijiji cha Sokon, pale migomba inapoisha na msitu wa Meru kuanza, kuna mapango mawili yaliyoachana kadiri ya sauti ya mtu anayeita. Hilo kubwa lilikuwa la popo tangu zamani. Popo wengi, Dada, wamening'inia kama nguo za msiba, na chini yao mavi ya vizazi na vizazi, yamekauka, yamekuwa unga wa kahawia unaofika magotini. Karani, usione haya, soma hivyo hivyo: mavi. Bwana Pua alisema miche ya kahawa hupenda mbolea hiyo kuliko mtoto anavyopenda asali. Alikuwa akiichota kiganjani, akainusa amefumba macho kama bibi harusi anayenusa asumini. Basi akaweka watu wachimbe, wengine wachekeche kwa nyavu za waya, wengine wajaze magunia, na gari la ng'ombe lishushe magunia shambani. Kila asubuhi, kabla ya kuchimba, waliwasha majani mabichi na pilipili kavu mlangoni ili moshi uwafukuze popo. Wakitoka huko jioni huwajui nani ni nani. Wote rangi moja, kope zote za kahawia. Nilikuwa nawaambia wasisogelee sufuria yangu, nisije nikaonekana nimetia kiungo kipya.

Waarusha walikataa kuingia. Walisema kuzoa mavi ya mnyama asiyekamuliwa ni kazi ya watu wa pwani na Wanyamwezi. Ndipo nimlete kwenye habari huyu kijana Loishiye, maana bila yeye mwanao angekuwa udongoni. Loishiye alikuwa Mwarusha, mwana wa pekee wa mjane aitwaye Sinyati, ambaye boma lake liko huko huko juu ya Sokon. Kazi yake ilikuwa kuwaongoza ng'ombe wa mbele wa lile gari. Magunia aliyapokea nje, pangoni hakutia mguu. Yeye na Sefu walianza kwa kutaniana na wakamaliza kwa kutoachana. Loishiye alimwuliza Sefu anaolewa lini, kwa kuwa amevaa gauni. Sefu akamjibu kuwa ataolewa siku masikio ya Loishiye yanayoning'inia yatakapotosha kufungia mzigo. Mmoja Kiswahili chake kilikuwa cha kuchechemea, mwingine Kimaa chake kilikuwa cha kutambaa, na bado walikesha wakicheka. Mimi nilikuwa nawatupia kijiti cha moto wanyamaze.

Kiangazi kilipokaza, watu wakaanza kukohoa. Kwanza Mnyamwezi mmoja wa kuchekecha, homa, maumivu ya kifua kama amepigwa teke la nyumbu, jasho la kulowesha mkeka. Nyapara akasema uvivu. Wakalala wengine. Nyapara akasema uvivu unaambukiza. Wengine wakapata nafuu wenyewe, wakarudi wamekonda, wanahema kama wamepanda mlima. Wengine tukawazika. Watu wakasema pango lina mwenyewe na mwenyewe amekasirika, wengine wakasema ni wivu wa shamba jirani. Mimi nilisema ni harufu, na sikuwa na sababu yoyote, nilitaka tu niwe nimesema.

Kisha Bwana Pua mwenyewe akalala. Hapo ndipo uvivu ukawa ugonjwa. Daktari akaja kutoka Moshi juu ya nyumbu, kijana mwenye masharubu mekundu, akamsikiliza Bwana Pua kifua kwa mpira wake, kisha, sijui kwa huruma au kwa udadisi, akaja kambini akatusikiliza na sisi. Mimi aliponiwekea mpira nilimwuliza kama anasikia njaa. Hakucheka, lakini masharubu yalitikisika. Alisema kifua kikuu sicho. Alikwenda pangoni, akachota ule unga na kijiko, akautia chupani. Akamwambia nyapara, naye akatufasiria, kwamba hana hakika, ila anashuku mle ndani ya mbolea mnaota ukungu, kama ule wa mkate uliolala au unga ulionyeshewa, ila huu mdogo hauonekani. Vumbi likiruka, mtu akalivuta, ukungu unapata shamba jipya kifuani mwake. Akasema pasichimbwe tena pale. Dawa ya kuung'oa hakuwa nayo. Akatuachia unga mweupe wa homa, akapanda nyumbu wake akaondoka.

Pango likafungwa kwa miiba. Lakini Sefu alikuwa ameshalala.

Dada, sitaki kukuficha. Aliungua homa mpaka mkeka ukawa moto. Alikuwa akikohoa ameshika mbavu kwa mikono yote miwili kama anayezuia mlango. Akawa hataki uji, hataki mchuzi, nilimpikia kila ninachokijua na hata nisichokijua. Akipiga kelele, alikuwa anakuita wewe umfungulie dirisha, anasema chumba kina moshi. Nilimwambia nimefungua. Nilikuwa nakaa pale nikimpepea na kifuniko cha sufuria, najiuliza nitakuandikia nini. Nilitunga ile barua kichwani, Dada, nikaifuta, nikaitunga tena. Namshukuru Mungu kwa kuwa hii unayosomewa siyo ile.

Loishiye ndiye aliyekataa Sefu afe. Alikuja akamtazama, akaniambia kuwa mimi ni mpishi mzuri wa kuua watu. Alisema mtu mwenye kifua cha namna hii hapewi uji wa ulezi kama mtoto, anapelekwa orpul. Hiyo orpul ni desturi yao. Wanaume wanakwenda msituni na mnyama, mahali wanawake hawafiki, wanachinja, wanakula nyama tupu na kunywa mchuzi uliochemshwa na magome na mizizi ya miti, wanalala juu ya majani, wanakaa huko mpaka mwili urudi. Ndivyo morani wao wanavyotengenezwa, na ndivyo wagonjwa wao wanavyoponywa. Na mahali pao, toka kwa babu zao, ni lile pango la pili, lile dogo. Wanaliita pango la nyama.

Nikamwuliza kama si balaa kumtoa mtu kwenye pango kumpeleka pango. Loishiye akanijibu kama anayemwelimisha mtoto. Ugonjwa uko kwenye shimo la Mdachi, daktari mwenyewe amesema, tena uko kwenye kuchimba. Pango la nyama halichimbwi. Baba yake alilala mle, babu yake alilala mle, na walitoka wamenona. Nami nikaona maneno yamekaa sawa. Wazee wao wote waliona hivyo hivyo. Sinyati, mama yake, alitoa kondoo wake mwenyewe, yule mnene wa mkia wa mafuta aliyekuwa akimtunza kwa shughuli zake. Alimtoa kwa ajili ya mtoto wa mwanamke asiyemjua, Dada. Shika hapo kidogo. Karani, mpe nafasi.

Tulimbeba Sefu juu ya kitanda cha kamba. Mimi nilikwenda kwa sababu ya kisu. Waarusha hawamchinji mnyama kama sisi, wanamziba pumzi ili damu isipotee. Sefu, na homa yake yote, akafumbua jicho moja akasema yeye hali nyamafu, bora afe. Ukawa ugomvi pale mlangoni, mgonjwa amelala katikati yetu. Loishiye anasema damu ndiyo dawa, mimi nasema damu ndiyo haramu, kondoo anatutazama anangoja tuamue. Mwisho nikapiga bismillahi nikakata, na Loishiye akakinga kibuyu chini ya shingo asipoteze tone. Kila mmoja akapata dini yake.

Palikuwa na popo. Nakuambia ili ujue hatukuwa vipofu. Wale waliofukuzwa kwa moshi wa pilipili kutoka shimo la Bwana Pua walikuwa wamehamia pango la nyama, na sakafu ilikuwa imejaa uchafu wao, mwepesi, mkavu. Loishiye akacheka akasema hawa ni wakimbizi kama Waswahili, wakifika mahali hawaondoki. Kisha akasema mgeni wake hawezi kulala juu ya uchafu. Sefu tukamweka nje, kwenye mwamba wenye upepo, nami nikakaa naye nikiwasha moto kwa sababu magoti yangu yalikataa kuinama. Loishiye akakata matawi ya majani akaingia kufagia. Alifagia, Dada, kama mwanamke anayengoja wakwe. Vumbi lilikuwa likitoka mlangoni kama moshi wa tanuri. Alikwenda mpaka kwenye kona za ndani kabisa, akatoka amekuwa wa kahawia kichwa mpaka miguu, anapiga chafya na kucheka, nami nikamwambia kwa jinsi anavyofagia ningekuwa na mwana wa kiume ningekuja kumposa yeye. Akanirushia tawi.

Kisha akatandika majani mabichi, tena mazito, akamwaga maji ya kijitoni kulaza vumbi lililobaki, na Sefu akaingizwa mahali safi panaponukia msitu.

Akanyweshwa mchuzi mchungu wa magome. Akalishwa mafuta ya mkia. Loishiye alikuwa akimwinua kichwa kwa kiganja, akimtukana kwa Kimaa, akimwambia mtu aliyevaa gauni lazima ajitahidi kunywa. Na mwanao akaanza kurudi. Kwanza jasho likakoma. Kisha akaomba nyama bila kuambiwa. Kisha akaniuliza kwa nini nimepika chumvi nyingi, nikajua amepona, maana hilo ni neno la ukoo wetu. Wengine wanasema ni ule mchuzi. Mimi nimewaona Wanyamwezi waliopona bila mchuzi wowote, kwa hiyo sijui, na sitaki kumpunguzia mtu thawabu yake. Alishuka kwa miguu yake, Loishiye kamshika kiuno, wanaimba wimbo wa hovyo ambao nusu yake niliutunga mimi.

Walikwenda kukaa kwa Sinyati ili Sefu apate maziwa. Hata mwezi haukugeuka, Loishiye akaanza kukohoa.

Hapo ndipo tulipojumlisha. Si kwamba kulikuwa na mwerevu kati yetu. Tulikaa tu, mimi na wazee wao, tukatazamana, na kila mmoja akaona sakafu ile na lile vumbi likitoka mlangoni. Ukungu wa daktari haukuwa wa shimo la Mdachi. Ulikuwa wa popo, na popo tuliwahamisha wenyewe kwa pilipili yetu. Sefu alikuwa ameshauvuta kidogo kidogo, siku nyingi, na mwili wake ulikuwa umeshapigana. Loishiye aliuvuta wote mara moja, akimwandalia mgeni.

Sefu ndiye aliyemuuguza. Hakutaka mtu mwingine amguse. Alimwinua kichwa kwa kiganja, akamtukana kwa Kiswahili, akamwambia mtu mwenye masikio kama yale hawezi kufa, yatamkwamisha mlangoni. Loishiye alicheka mpaka pumzi ikamkatikia, tukamwomba Sefu asimchekeshe tena, na Loishiye akaonyesha kwa mkono kuwa aendelee. Mvua za kwanza zilipopiga paa, hakuwepo tena. Alikuwa kijana wa kutegemewa, na ng'ombe wale wa gari walimlia. Nimewaona kwa macho yangu, hawakukubali kuongozwa na mtu mwingine.

Sasa, Dada, jibu lako.

Baada ya msiba nilifunga mizigo, kweli safari hii. Nikapanda kwa Sinyati kumwambia Sefu kuwa magari yanateremka Moshi kabla barabara haijawa tope, na nimekwisha kubali, anichukue kwa kamba yoyote anayotaka. Alikuwa zizini, anakamua. Mtoto wa Pangani, aliyekuwa akimwogopa hata paka wa jirani, ameketi chini ya ng'ombe, paji la uso limeegemea ubavu wa mnyama. Aliniambia hatarudi. Nilidhani ni huzuni, nikamtania, akaendelea kukamua. Nikamwambia mama yako atalia. Akasema anajua, na kwamba yeye mwenyewe analia kila siku, lakini mama yake ana binti zake na wajukuu na jirani na mnazi, na mwanamke huyu alikuwa na mtu mmoja tu, akamtoa na kondoo juu yake. Akasema Sinyati hajamwomba akae. Tena alimwambia aende, alimfungia na maziwa ya njiani. Ndiyo sababu hawezi kuondoka.

Nikamwuliza mpaka lini. Akasema hajui. Nami sitakutungia siku ambayo yeye hakuitaja. Nilibishana naye, Dada, nakuapia. Nilitumia hasira yako, uzee wako, hata mguu wako wa kushoto niliutumia. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa, akanipa kata ya maziwa nikanywa, nikashuka mlima peke yangu. Ukitaka kutuma mtu amfuate, tuma, wewe ni mama na mimi ni nani nikukataze. Lakini huyo mtu atakuja atamkuta anakamua, naye atapewa maziwa.

Kwa hiyo nakuja mimi. Uliagiza mzee kwa kutumia kijana, na sasa unaletewa mzee kweli, kijana amebaki. Najua ni biashara mbaya. Najua nikiingia mlangoni utatazama nyuma yangu kwanza, kama kuna anayefuata, na sitakulaumu, tazama tu, mimi nitangoja. Barabara imekwisha kuwa tope, mvua zikikatika natoka na magari ya kwanza. Usinipikie pweza, nimekwisha kukueleza habari ya meno. Kifua changu kinapiga filimbi kidogo nikipanda kilima, lakini Pangani hakuna vilima, kitanyamaza.

Nimebakiwa na moja, nalo nilitaka kulisema kwa mdomo, ila naogopa nikifika nitafanya mzaha. Huku Waarusha wana mwiko. Kijana wao akifa, watu wa nyumbani mwake hawalitaji tena jina lake. Sinyati halitaji. Sefu anakula pale, naye halitaji, amelimeza. Mimi nimeliandika humu kila nilipopata nafasi, kwa sababu huko kwenu halina mwiko, na nataka lisomwe kwa sauti kwenye nyumba ya watu wanaodaiwa nalo. Karani, lisome tena: Loishiye.

Na Sinyati hamwiti mwanao Sefu. Aliniuliza siku moja mama aliyemzaa anaitwa nani, nikamwambia, akalirudia jina lako mpaka likakaa vizuri mdomoni mwake. Toka siku hiyo anamwita Mtoto wa Mwanamkuu. Nilipolala huko mara ya mwisho nilimsikia asubuhi, kwenye baridi, amesimama mlangoni na ngozi begani, anaita: ng'ombe wametoka, Mtoto wa Mwanamkuu, haya, ng'ombe wametoka. Jina lako, Dada, linaitwa kila kukicha juu ya mlima ambao hutauona, na mwanao anaitika.

Wasalimie binti zako na wajukuu, wasalimie majirani wote isipokuwa wale ninaowadai salamu. Sefu anakushika miguu, na amesema usimwombee arudi upesi, umwombee Sinyati apate usingizi. Nami nakushika miguu, kwa hamu ya miaka yote, mpaka nitakapoishika kweli.

Ni mimi mdogo wako mkorofi,
Shabani bin Mbwana, mpishi.